Kwa mdogo wangu wa Houston: kuhusu kadi ya kliniki

Mdogo wangu,

Meseji zangu unazisoma. Tiki za bluu naziona, jibu silioni. Ndiyo maana nakuandikia hapa mtandaoni, maana najua huwa unapitia ukitoka kazini. Pole tena na msiba wa mama yako. Mama mdogo alinibeba mgongoni mimi kabla hajakuzaa wewe, kwa hiyo usiisome barua hii kama ya mtu baki.

Siku ile makaburini, tulipokuwa tunanawa mikono, uliniuliza, "Huyu kijana aliyeshuka kaburini ni nani?" Nikakujibu ni jirani. Ukamwita pembeni, ukampa elfu kumi, ukamshukuru. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante kaka. Yeye alikutambua tangu ulipokuwa unashuka kwenye gari.

Ni yule mtoto wa mama muuza ubuyu wa Majengo. Winga wetu wa kushoto, kwenye timu yetu ya mpira wa miguu ya watoto wa Nkuhungu.

Sasa umemkumbuka.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, kila nikifumba macho narudi Julai 2014. Ulikuja likizo na begi la mipira sita, jezi za rangi ya chungwa, na lile jarida la Sports Illustrated lililoandika jaladani kwamba Houston Astros, timu ya besiboli ya mji wako, ndio mabingwa wa 2017. Miaka mitatu kabla! Mimi besiboli nilikuwa siijui hata inachezwaje, lakini nilikusikiliza mpaka saa nane ya usiku, upepo wa Dodoma unagonga mabati, wewe umejitanda shuka la mama. Ukaniambia timu yako imepoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, na msimu wao una mechi 162. Ukaniambia kuna siku Septemba 2013 walicheza, kipimo cha watazamaji wa televisheni kikasoma 0.0. Unayasema hayo uso umejaa furaha. "Kaka, hawa wanafungwa kwa mpango." Wakongwe wameuzwa, chipukizi wamekusanywa, na kwa kuwa kule wakati huo timu iliyoshika mkia ndiyo iliyotangulia kuchagua vijana wapya, Houston ikachagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo.

Nilikuelewa, mdogo wangu. Nilikupenda sana usiku ule. Ila nilikwambia palepale kwamba kwetu Nkuhungu anayeshika mkia hachagui wa kwanza. Anazomewa, wazazi wanawatoa watoto wao wakauze maji stendi, na msimu unaofuata huna timu. Ukanijibu kwamba nafikiri kizamani.

Kesho yake ukawakalisha watoto chini ya mkwaju, ukawasimulia habari za Jose Altuve, mchezaji wa Astros. Mvulana wa Maracay, Venezuela, alikwenda kwenye majaribio ya Houston wakamwambia arudi nyumbani, mfupi mno. Siku iliyofuata akarudi na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, wakamjaribu tena, wakamsajili kwa dola 15,000. Uliisimulia vizuri, sikatai. Yule winga alikaa mbele kabisa, anabandua gaga la kidonda gotini bila kulitazama, macho yote kwako. Naye alikuwa mfupi kuliko wote.

Ijumaa ukasoma orodha ya wachezaji wa timu yetu. Jina lake nilikuwa nimeliandika mimi, wewe ukalikata kwa kalamu nyekundu. Ukasema mwili hana, na uso ule ni wa mtu mzima, atakuwa amepunguza umri. Mtoto aliyekosa chakula utotoni anabaki mfupi na uso unakomaa, hilo kila mwalimu wa Dodoma analijua. Wewe uliliona kama udanganyifu.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaja. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani yake kadi ya kliniki. Naiona mpaka leo: imelainika kama kitambaa, ina madoa ya mafuta, kona moja imeliwa na panya, mstari wa uzito umechorwa kwa kalamu ya bluu na vitone vyake vyote viko chini ya pale vinapotakiwa kuwa. Kazaliwa 2001. Alikuwa na miaka 13 kweli. Akakunyooshea kwa mikono miwili.

Hukuipokea. Ulikuwa unaangalia simu. Ukasema, "Orodha imeshafungwa, dogo."

Wiki hiyohiyo, chini ya mti uleule, ulikuwa umemwambia arudi na cheti!

Alisimama na ile kadi mpaka wenzake wakamaliza kukimbia mizunguko. Tulipofunga mazoezi akaokota mipira yote sita kama alivyozoea, akaihesabu, akaifunga kwenye wavu, akaenda zake. Hakulia. Mimi filimbi ilikuwa mdomoni.

Najua utauliza, na wewe kaka mtu, mbona ulinyamaza? Ungetaka nifanye nini? Nikubishie mbele ya watoto? Jezi zako, mipira yako, nauli ya kwenda Kongwa kwenye bonanza umetoa wewe. Ningesema neno, timu ingekufa, na wale 18 wangerudi kushinda vijiweni. Nilipiga hesabu, mmoja kwa 18. Hata leo ukiniweka pale, sidhani kama ningefanya tofauti. Lakini mimi nimekutana na mama yake sokoni kila wiki tangu mwaka ule, nimenunua ubuyu nisiotaka kula. Wewe ulipanda ndege.

Baadaye nikaanza kuisoma hiyo Houston yako, kwa uchungu tu, na nilichokuta ulikuwa hujanieleza. Huyo Jeff Luhnow, meneja mkuu wa Astros unayemsifia kwa mpango, aliajiriwa Desemba 2011. Altuve alikuwa keshasajiliwa tangu 2007. Nyota wenzake nao, Keuchel alichaguliwa 2009, Springer Juni 2011. Kuna watu waliowaona hao wavulana kabla mpango haujafika mjini. Na wale watatu waliochaguliwa wa kwanza, ni Correa peke yake aliyekuja kuwachezea kwenye timu kubwa. Aiken hawakuafikiana, Appel waliishia kumuuza.

Kisha nikamkuta J.D. Martinez, mpigaji wao wa zamani. Majira ya baridi alikuwa ameubadilisha upigaji wake wote, akarudi kuwaonyesha, wakamwingiza mara chache za kuhesabika kwenye mechi za maandalizi, Machi 2014 wakamwacha. Timu ya Detroit wakamwokota. Msimu huohuo akaupeleka mpira nje ya uwanja mara 23. Julai ile, wewe unasoma orodha Nkuhungu, mtu waliyemtupa alikuwa anawaka. Mwaka 2018 alikuwa timu ya Boston, Boston wakawatoa Houston wakachukua ubingwa. Huyo hukuwasimulia watoto.

Sikukuandikia ili nikushinde. Asubuhi ile ya Novemba 2017 Astros walipochukua ubingwa ulinipigia simu unalia, na mimi nikalia, mke wangu akadhani kuna msiba. Januari 2020 walipoadhibiwa kwa kuiba ishara za wapinzani kwa kamera na kugonga pipa la taka kumpa mpigaji wao taarifa, nilijua unaumia, sikukutania hata kidogo. Sisi tulifika fainali ya kata 2016, tukafika tena 2017, na ukaandika mtandaoni kwamba mpango umejibu. Nikanyamaza tena. Wavulana waliotufikisha nilikuwa nimewatafuta mimi kwa baiskeli, kuanzia Chang'ombe hadi Miyuji, ndege yako haijatua bado. Upande wa kushoto fainali zote mbili tulipwaya, unajua mwenyewe kwa nini.

Uwanja sasa haupo. Serikali ilipohamia Dodoma ardhi ikapanda bei, wakapima viwanja, pale golini pamejengwa nyumba ya ghorofa. Mkwaju wameuacha. Yule kijana anafyatua tofali, na Jumapili bado anacheza, bado anatumia mguu wa kushoto. Usiku mama mdogo alipozidiwa wewe ulikuwa hewani hupatikani, ni yeye aliyetafuta bajaji, akamshika mpaka hospitali. Hilo hatukukwambia msibani, mama yako mwenyewe, kabla hajafariki, alisema usiambiwe, utajisikia vibaya.

Arobaini ni Jumamosi ijayo. Umesema utajiunga kwa simu ya video. Simu nitaishika mimi, na maturubai anakuja kuyafunga yeye. Nitaigeuzia upande wake. Jina lake unalijua, ulilikata kwa kalamu nyekundu. Mwite kwa jina hilo.

Kaka yako