Mwanangu, lala

Mwanangu mamangu,

Nakuandikia huku WhatsApp kwa urefu kwa sababu ukipigiwa simu wasema uko kwa mitingi, na ukiwa hapa nyumbani walala na laptopu juu ya tumbo. Ungesema Mama si utanambia jikoni, lakini jikoni kuna shangazi yako na haya sitaki ayasikie, akiyasikia yatafika Likoni kabla ya feri. Soma kesho ukishapanda treni. Soma yote, si kuniwekea kidole gumba.

Nduguyo kanisomea habari ya yule msichana wa Japani. Wajua nani namsema, maana nilipomtaja mezani uliinuka ukaenda kuosha sahani, wewe na sahani! Matsuri Takahashi. Katoka Chuo Kikuu cha Tokyo, Aprili 2015 akaingia Dentsu, ajensi ya matangazo kama zenu, kubwa kabisa huko kwao, wakampa yale ya intaneti. Desemba 25 mwaka huo huo akajiua. Miaka 24. Serikali ilipokuja kuhesabu ikakuta mwezi mmoja aliweka zaidi ya saa 100 za ziada, za ziada nasema, juu ya zile za mshahara, na mwenyewe alikuwa akiandika Twitter kwamba anachotaka ni kulala. Na hakuwa wa kwanza hapo. Mwaka 1991 kijana wa ofisi hiyo hiyo, Oshima, naye miaka 24, kazi ilimfikisha huko huko, wazazi wake wakapigana mpaka mahakama ya juu kabisa na mwaka 2000 mahakama ikasema kampuni ina lawama. Wakasikia. Miaka 15 baadaye mama mwengine akaletewa habari. Faini waliyopigwa 2017 ni yeni 500,000, nduguyo kapiga hesabu asema ilikuwa haifiki laki tano za Kenya.

Usinambie Japani ni mbali. Mimi sisemi wewe utafanya hivyo, Mungu apishe mbali, hata kuliandika sitaki. Nasema lala. Wale baada ya yote hayo dawa waliyoiona ni kuzima taa za ofisi saa nne usiku, hii ni 2016, nikamuuliza nduguyo kwani saa nne kuna mtu na akili yake bado yuko ofisini, akanitazama tu. Kumbe kwenu hata hiyo taa haizimwi.

Zile meseji zako za saa tisa usiku za kuniuliza kati ya mistari mitatu upi mtamu zaidi kwa tangazo la unga, sisemi sikufurahi kuulizwa. Nilikuchagulia wa pili na wa pili ndio uliopita, na bango likawekwa hapo darajani Nyali, kubwa, na kila nikipita na matatu nalisoma kama silijui. Siku moja nikamwambia konda hayo maneno katunga mwanangu, akanambia mama nauli. Hakuamini, na ataamini vipi? Pale kuna jina la unga, kuna picha ya yule binti anayecheka na chapati, kuna namba ya simu ya kampuni. Jina lako hata kwa herufi ndogo kama sisimizi halipo. Mimi najivunia mpaka nashindwa kumeza, lakini ndio nauliza, kitu ambacho hakina jina lako wakikeshea hivyo cha nini?

Na sikusemi kama mtu asiyeijua hiyo kazi. Mimi nauza leso tangu hujazaliwa. Mteja anasimama huko nje, anaona ua na rangi, anaingia, ananambia nifunulie, halafu macho yanashuka kwa jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya leso, na hapo ndipo leso inanunuliwa ama inarudishwa, kwa sababu yuataka kumpelekea wifi yake maneno ambayo kwa mdomo hayasemeki. Maneno machache tu, yakizidi hayaingii, yakiwa wazi sana ni ugomvi, yakiwa mafumbo kupita kiasi wifi mwenyewe haelewi na pesa imepotea. Hebu nionyeshe hao maprofesa wako wa brandi wana brifu, hayo maagizo ya mteja, ngumu kuliko hiyo. Sasa niambie nani aliyatunga. Hakuna ajuaye. Pembeni mwa leso imepigwa chapa Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak, hapa hapa Mombasa tangu 1887, na kuna wanawake wakija wanatafuta hiyo chapa kwanza ndio waangalie ua. Brandi hiyo imekaa kuliko serikali ngapi. Aliyetunga jina hata kaburi lake hatulijui. Ni sawa na haya majina ya huduma za simu za Safaricom, Sambaza, Bonga, Fuliza. Okoa Jahazi, ile ya kukopa salio, mimi nikiikopa hucheka, nadhani aliyeileta alilala akiwa anasikia bahari, ama ana nyanya wa pwani. Nani lakini? Sisi twaijua kampuni tu.

Ndio maana hukasirika nikisikia tangazo la redio ambalo laonekana wazi limeandikwa kizungu na bosi mmoja huko Westlands halafu Ijumaa jioni akaambiwa mtoto wa Mombasa alitie Kiswahili. Mtoto mwenyewe ni wewe. Ulinambia hivyo hivyo, wanakuletea saa kumi na moja jioni wataka kesho asubuhi. Kataa. Ama usikatae, sema mapema wakuite kwenye brifu kutoka mwanzo, ukae ule upande wa kutunga, maana ukikubali kuwa wa kutafsiri wa Ijumaa jioni ndio utazeeka hapo. Hilo nakwambia kama mtu wa biashara, si kama mama.

Halafu hizi pichi, za kushindania kazi ya mteja. Mpaka leo sijaelewa. Ajensi nne tano mnakesha wiki nzima kwa klaienti ambaye hajatoa hata shilingi, mnampa mawazo, mnampa picha, mnampa na keki, anawaambia asanteni sana tutawarudia. Na ile uliyolilia chooni, ambayo baada ya miezi uliyaona maneno yako yamegeuzwa kidogo yamebandikwa na wengine, kampuni siitaji hapa lakini sabuni yao hainunuliwi tena nyumba hii. Mimi mteja akinifunulisha korja nzima asinunue nazikunja nazirudisha rafuni. Wazo likishafunuliwa halikunjiki. Hilo si la kulipia kwa usingizi wako, hilo ni la bosi wako ajifunze kuandikisha mkataba kabla ya kufunua.

Sasa mkataba. Wa hii ajensi mpya nimeusoma, usione kimya, ulikuwa juu ya friji. Mshahara ni mzuri, hongera, babako angekuwepo angetembea nao mtaa mzima. Lakini kuna mstari wasema saa za kazi ni kulingana na mahitaji ya klaienti. Nikamtumia mjombako picha, asema sheria ya kazi ya 2007 yakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo, na mkataba hauwezi kukunyang'anya hayo. Siku 21! Kule ulikotoka uliwahi kuchukua ngapi? Umekuja Idd mbili na zote ulikuwa na dedilaini, hata biriani ulikula umesimama. Hizo siku zichukue. Wakikuuliza waenda wapi sema nyumbani kwetu kulala.

Na usinambie ukionekana mvivu watakuacha. Watu wanaachwa hata wakikesha. Omnicom, hao wakubwa wa matangazo wa Marekani, walipomaliza kuinunua kampuni mwenzao Interpublic Novemba 2025 wakasema kazi kama 4,000 zaondoka, na majina ya ajensi zenyewe wakayazika, FCB, na DDB ambayo iko tangu 1949, wale wa lile tangazo la Volkswagen ya 1959, kigari kidogo kwa ukurasa mtupu, ambalo ulilibandika ukutani kwa chumba hapa likaacha gundi mpaka leo. Basi kama jina la DDB lafutwa na watu waliokaa kwa kiti wakiwa na kalamu, wewe unayerudi nyumbani na boda usiku wa manane umemuonyesha nani?

Tena hiyo boda. Tumia teksi, lipisha ofisi, kama umewekwa mpaka usiku ni yao hiyo gharama.

Lile la kamari bado. Najua ulisema Mama mimi naandika tu, anayebonyeza ni mwenye kidole. Nduguyo ni mwenye kidole. Ile Aprili 2025 bodi ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kamari siku 30 nilipumua, hiyo simu yake ilinyamaza kidogo, halafu zikarudi, na zina utamu wa maneno ambao naujua umetoka jiko gani. Huko uendako uliza mapema wateja wao ni kina nani. Na usinikumbushe leso za kampeni nilizouza zenye sura ya mheshimiwa, ile ilikuwa ada yako, na mheshimiwa mwenyewe alishindwa.

Wala usiseme kukesha umejifunza kwangu. Wiki ya Idd duka ni duka, taa ilikuwa lazima iwake, na wewe ulikuwa walala vizuri tu chini ya meza. Nadhani ulikuwa walala.

Haya. Maji yalitoka jana usiku nimejaza mapipa yote mawili na la nje, usimwambie mpangaji wa juu. Fundi wa friji kaja, asema gesi imeisha, bei aliyotaja nimemwambia aende akafikirie. Shangazi yako yuataka umtungie maneno ya kadi ya harusi ya mwanawe, na yuataka bure, nimemwambia sasa wewe ni wa kulipwa akanuna, basi mtungie tu lakini mchana. Nimekufungia mabuyu, achari ya maembe na samaki wa ng'onda. Ng'onda nimezungushia magazeti na kitambaa, fika Miritini mapema maana wale mbwa wa stesheni wakipita kunusa mizigo watakuaibisha, sema ni za mamako. Zile viatu za kisigino ziache, mvua ya Nairobi yazila.

Ukifika nipigie, usitume meseji. Na huko kwa kazi mpya wiki ya kwanza ondoka saa kumi na moja, toka wazi wazi wakuone, ukianza kwa kukaa mpaka usiku watadhani ndio saa zako. Pesa ya fundi tuma mwezi ukiisha, si sasa, sasa una deposti ya nyumba. Na charja nyeupe ni ya nduguyo, iache, yako ni ile iliyofungwa selotepu iko nyuma ya kochi.

Mamako