Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Wapangaji tunauziwa umeme na wenye nyumba

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa leo heshima hiyo inanitoka kwa tabu. Jumamosi saa mbili usiku mwenye nyumba wangu alizima swichi ya chumba changu, iliyoko koridoni kwenye kiboksi chenye kufuli lake. Kosa langu ni kuuliza kwa nini mchango wa umeme umepanda ghafla kutoka 15,000 hadi 25,000. Nilikuwa na sare nane za shule za watu. Nimezimalizia kwa tochi ya simu. Namshukuru Mungu cherehani yangu ni ya miguu.

Nyumba yetu hapa Tandika ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Mimi nina taa mbili, redio na pasi. Jirani ana friji la kuuzia barafu. Sote tunatoa sawa. Simlaumu jirani, naye anatafuta riziki. Ila meseji ya manunuzi ya umeme hatujawahi kuonyeshwa hata moja.

Mheshimiwa, tangu mwaka 2016 mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na anayezidi hapo shilingi 292. Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Lakini vyumba sita kwenye mita moja vinaivuka 75 mapema, na mita haijui kama humo ndani tuko familia sita. Inatuhesabu kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Tunalipa karibu mara tatu, na juu yake mwenye nyumba anaweka chake. Nyumba ya pili wamefungiwa mita ndogo za dukani, wanauziwa uniti shilingi 500. Hiyo 500 nani aliipanga?

Tena mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoingizwa kwenye LUKU, tuliambiwa mpangaji anayekatwa akubaliane na mwenye nyumba arudishiwe. Nilimwambia wangu. Akanijibu kwamba mlango uko wazi. Ilianza 1,000 kwa mwezi, ikafika 1,500, na hakuna aliyerudishiwa.

Nadhani wenye nyumba wanakwepa gharama za kuunganisha, maana mjini tangu 2022 ni zaidi ya laki tatu. Au pengine wameshaizoea hiyo faida.

Naomba mita, Mheshimiwa. Gharama ya kuunganisha nikikatwa kidogo kidogo kwenye uniti ninazonunua, nitalipa yote. Kama haiwezekani, tangazeni bei ambayo mwenye nyumba haruhusiwi kuivuka, na adhabu ya anayemkatia mpangaji umeme aliokwisha kuulipia. Lakini hasa ni mita. Chumba changu kipate mita yake.

Leo ni Jumatatu, na swichi bado iko chini ya kufuli.

Mpangaji,
Tandika, Dar es Salaam