Shukrani kwa mhudumu wa hifadhi aliyetukagulia mizigo

Ndugu mhudumu, jina lako hatulijui, lakini asante sana. Familia yenye watoto ikilala porini penye dubu, kosa dogo la kufungasha ni hatari kwa wote, dubu mwenyewe akiwemo, kwani akishazoea chakula cha watu mara nyingi huishia kuuawa.

Asante kwa kutukumbusha kwamba kipipa cha kuzuia dubu, yaani chombo kigumu ambacho dubu hawezi kukifungua, si cha chakula tu. Dawa ya meno, losheni ya jua, sabuni, nepi zilizotumika na takataka zote lazima ziingie humo usiku. Ukihesabu milo peke yake, nafasi haitoshi. Kutoa vyakula kwenye maboksi na kukamua hewa kwenye mifuko kunasaidia mno. Halafu mifuko ya nguo za watoto ikaguliwe, maana biskuti hujificha humo.

Kipipa kikae mita 90 hivi kutoka hemani, mbali na mto na mteremko mkali, wala kisifungwe kamba: dubu atakivuta aende nacho. Jiko nalo liwe mbali na hema.

La kopo la pilipili, yaani dawa ya kupuliza ya kumfukuza dubu, ndilo tunalokushukuru zaidi. Likae kiunoni, si ndani ya begi. Dubu anayekujia akifika kama mita 9, puliza ukielekeza chini kidogo. Na halipulizwi kwenye ngozi wala hema kama dawa ya mbu. Hata watu wazima hukosea hapo.

Mungu akubariki.