Dada, michungwa ya Muheza isiuzwe

Dada,

Nakujibu hadharani kwa kuwa ulinisema hadharani. Siku ile ya mahari pale Makorora, mbele ya wakwe, ulisema nakataa tuuze michungwa ya Muheza, namzuia mtoto wa kaka asitibiwe kwa kuwekewa seli, kwa sababu si wangu wa kumzaa. Watu wakaacha kula. Maneno yale sijayameza hadi leo.

Sasa nisikilize. Ini la mtoto halina kovu wala uvimbe. Ugonjwa wake, Crigler-Najjar aina ya kwanza, ni kukosa kimeng'enya kimoja tu, kile kinachoiwezesha bilirubini, ile rangi ya manjano ya damu iliyochakaa, kutoka na nyongo. Zikiingia seli za ini zenye afya, hata asilimia 5 hadi 10 ya ini, manjano hupungua. Hilo sijawahi kulikataa.

Lakini ujue zinakotoka. Huchukuliwa ini la marehemu lisilofaa kupandikizwa zima, hupitishiwa maji yenye kolajenasi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikanisha seli, mpaka liachane, kisha seli huchujwa na kuoshwa. Zikigandishwa, nyingine hufa wakati wa kuyeyushwa. Mrija huingizwa kwenye mshipa mkubwa utokao utumboni kwenda kwenye ini, na seli humiminwa polepole, kwa awamu, huku shinikizo likipimwa. Ukiharakisha, zinaziba mishipa midogo na damu inaganda. Hata ukienda taratibu, nyingi hazimalizi saa 24. Zinazobaki hulindwa kwa dawa za kushusha kinga.

Msichana wa miaka 10 wa Marekani mwenye ugonjwa huu huu, ambaye taarifa yake ilitoka 1998, alipewa seli bilioni 7.5. Saa zake chini ya taa za kuvunja bilirubini, kama zile za mtoto wetu, zilishuka kutoka 10 hadi 12 kwa siku zikawa 6 au 7. Nilifurahi kama wewe nilipoisoma. Lakini baadaye bado alihitaji ini jipya.

Hao waliokutumia tangazo la tiba ya seli wanadunga mkononi seli za kitovu cha watoto wachanga! Si seli za ini hizo, na zikipita mkononi nyingi hukwama kwanza mapafuni. Kwa hilo ulitaka tuuze michungwa ya Muheza, kisha mimi niliyekataa ndiye niliyeitwa mchoyo. Taa zile alizinunua nani?

Najua unampenda. Wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza usiku, mgongo kisha kifua, macho yamefunikwa, bila kunung'unika. Endelea hivyo hivyo: nguo kidogo kabisa, taa karibu kama fundi alivyopima. Akipata homa asikae na njaa wala kiu, bilirubini hupanda. Mwambie kila daktari asimpe seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, wala dawa yoyote ya salfa, na SP ya malaria ni salfa pia. Dawa hizo huing'oa bilirubini kwenye protini ya damu ikakimbilia ubongoni. Akilegea, akisinzia kupita kiasi au akikaza shingo, usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali ya Bombo.

Anakua, ngozi inakuwa nene, na mwili unazidi kuwa mkubwa kuliko mwanga unavyoweza kuuhudumia. Kwa hiyo ini jipya lipangwe kabla ubongo haujaguswa, na michungwa, ikibidi kuuzwa, ingoje siku hiyo. Kipande cha ini hukatwa kwa mtu aliye hai, na hata mwenye kubeba kasoro hii bila kuugua anaweza kutoa. Kundi langu la damu halipatani na lake, nimeshapima. Kapime lako wiki hii, unijibu.