Mbona Mnaniambia Ini Halina Kitu, Halafu Mnataka Nirudi Baada ya Miezi Sita?

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi katika kituo chetu cha vipimo hapa Mwanjelwa, Mbeya, hayahusu foleni wala lugha ya wahudumu, bali yanahusu miadi ya miezi sita. Mteja mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anapigwa utrasaundi, anatolewa damu, anaelezwa kwamba ini lake halina uvimbe, analipa, na kabla hajafika mlangoni anakabidhiwa kadi yenye tarehe ya kurudi. Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka Tunduma aliirudisha kadi hiyo juu ya meza ya mapokezi, akasema mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kwamba tunakula hela za watu kwa ugonjwa ambao sisi wenyewe tumeandika kuwa haupo. Jibu analostahili ni refu kuliko nafasi iliyopo kwenye dirisha la malipo, kwa hiyo tumeona tuliandike.

Mtu ambaye virusi hivi vimekaa mwilini mwake zaidi ya miezi sita huhesabiwa kuwa na maambukizi sugu. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki navyo, ilhali mtu mzima anayeambukizwa ukubwani kwa kawaida huvishinda mwenyewe, na wanaoshindwa hawafiki asilimia 5. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, na ndiyo maana wateja wetu wengi wa kundi hili walizaliwa kabla ya hapo. Wengi hawaumwi chochote. Wanagundua wakienda kuchangia damu, wakipima afya ili waanze kazi, au mama anapohudhuria kliniki ya wajawazito, na kwa kuwa hawaumwi wanahisi kila kipimo kinachofuata ni hela inayotupwa. Ini halina desturi ya kulalamika mapema. Saratani yake inaweza kukua bila maumivu yoyote hadi iwe kubwa, na kwa mwenye virusi vya B inaweza kuota hata kwenye ini ambalo halijapata kovu. Utafiti uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba nje ya Misri umri wa katikati wa wagonjwa wakati wa kugundulika ulikuwa miaka 46, na muda wa katikati walioishi baada ya hapo ulikuwa miezi miwili na nusu tu. Wengi wao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele. Miaka 46 ni umri wa mtu mwenye watoto sekondari.

Sasa, kwa nini miezi sita? Muda huo ulitokana na kasi ya uvimbe wenyewe, kwa maana uvimbe wa ini kwa kawaida huchukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu, hivyo ambao leo ni mdogo mno kuonekana unaweza kuonekana baada ya nusu mwaka ukiwa bado unatibika. Huko Shanghai nchini China, watafiti waliwagawa watu 18,816 wenye virusi vya B au historia ya homa ya ini sugu katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa kila baada ya miezi sita kwa utrasaundi na kipimo cha damu cha AFP, yaani protini ambayo saratani ya ini mara nyingi huipandisha, na la pili liliachwa liendelee na matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya saratani ya ini 83.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika kundi la kwanza, na 131.5 katika la pili, yaani pungufu ya asilimia 37. Wapo wataalamu wanaoukosoa utafiti huo kwa namna makundi yalivyogawanywa, na ukosoaji wao una uzito. Hata hivyo, waliotimiza miadi katika kundi lililoitwa hawakufika asilimia 60, na tofauti ilionekana hata hivyo.

Anayedhani tunavuta tarehe karibu ili tupate hela zaidi ausikie na utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011, ambao uliwafuatilia wagonjwa 1,278 wenye kovu la ini, baadhi wakipimwa kila miezi mitatu na wengine kila miezi sita. Waliopimwa kila miezi mitatu hawakupata faida ya kugunduliwa saratani ikiwa ndogo kuliko wenzao, ila walionekana na vinundu vidogo vingi zaidi, jambo ambalo kwa mgonjwa huishia kwenye wasiwasi na vipimo vya ziada. Kwa hiyo mteja anapotuomba kwa hofu tumpime kila baada ya miezi mitatu ilhali picha yake ni safi, huwa tunakataa.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni ile ya kusema, «Nifanyieni kile cha damu tu, hicho cha mashine tutafanya siku nyingine.» Siku nyingine haifiki. Kipimo cha AFP ni bei nafuu na hakihitaji mtu kulala kitandani, lakini kipo kiwango kizuri cha saratani za ini, hasa zile changa, ambazo haziipandishi kabisa. Vilevile AFP hupanda kwa sababu zisizo za saratani. Tuliwahi kumpokea mama mmoja kutoka Uyole akiwa na karatasi ya AFP ya juu kutoka kwingine, amekwisha kuambiwa ajiandae, amelia siku nzima, na tulipompiga utrasaundi ini lilikuwa safi ila mimba ilikuwa ya miezi minne. Mimba huipandisha AFP, na hakuna aliyemuuliza. Huko Qidong, pia nchini China, walijaribu kuwafuatilia kwa AFP peke yake wanaume wapatao 5,500 wenye virusi vya B. Saratani ziligundulika mapema zaidi, lakini vifo kwa jumla havikupungua. Utrasaundi peke yake nayo haitoshi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kwa wagonjwa wenye kovu la ini, utrasaundi peke yake hunasa asilimia 45 ya saratani za awali, na ikiambatanishwa na AFP hunasa asilimia 63. Ndiyo sababu bei yetu ya ufuatiliaji ina vitu viwili ndani yake, na ndiyo sababu hatuvitenganishi ili ionekane ndogo.

Njia ya mkato ya pili ni kurudia kile kipimo cha haraka cha matone ya damu. Tunao wateja waliokwisha kukifanya Mafiati, Soweto, Tukuyu na Makambako, wakitumaini kwamba sehemu moja mstari wa pili, ule unaoonyesha kuwa virusi vipo, hautatokea. Kwa mwenye maambukizi sugu mstari huo utatokea karibu kila mara, na hausemi lolote kuhusu hali ya ini. Jumlisha hela za vipimo hivyo vyote pamoja na nauli, kisha ongeza chupa za dawa ya kusafisha ini zinazouzwa stendi, uone kama hujazidisha gharama ya ufuatiliaji wa mwaka mzima. Kuhusu chupa hizo tutasema kwa ufupi tu kwamba zipo dawa za miti zinazoliumiza ini zenyewe, na tumeshapokea watu ambao vimeng'enya vya ini, ambavyo huongezeka kwenye damu ini likiumia, vilipanda baada ya kunywa, si kabla.

Ya tatu inatutisha zaidi. Tenofovir, dawa inayovibana virusi vya B, imo pia katika mchanganyiko wanaotumia watu wanaoishi na VVU, na wapo wanaoazima vidonge kwa ndugu, wakanywa wiki chache, wakaona wamepata nafuu, wakaacha. Dawa hii ikikatishwa bila usimamizi, virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliwasha ini vibaya kuliko mwanzo, na ndugu aliyeazimwa naye amepungukiwa dozi. Kwa kawaida huanzishwa baada ya daktari kutazama wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini na dalili za kovu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umeurahisisha uamuzi huo, kwa mfano kwa kutumia hesabu iitwayo APRI, ambayo inahitaji kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu), vipimo vinavyopatikana hata katika maabara ndogo. Hesabu hiyo tunakufanyia bila kuongeza hata shilingi.

Tukija kwenye bei, ni kweli ipo mahali utapigwa utrasaundi ya tumbo kwa hela pungufu kuliko yetu, na ni kweli utatoka haraka. Sisi hatupitishi probu, kile kishikio cha mashine ya utrasaundi, juu ya tumbo mara mbili na kuandika «ini la kawaida». Mteja analala chali, kisha anageukia ubavu wa kushoto, anaambiwa avute pumzi aishikilie ili ini lishuke chini ya mbavu, halafu tunapita katikati ya mbavu moja baada ya nyingine, kwa kuwa sehemu ya juu ya ini, ile iliyojificha chini ya kiwambo cha pumzi, ndipo uvimbe mdogo unapopitwa kirahisi. Tunatazama vipande vyote vinane vya ini, tunapima mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kwenye utumbo na kuhakikisha haujaziba, tunapima bandama, tunaangalia kama ukingo wa ini ni laini au una mikunjomikunjo. Pale ambapo gesi ya tumbo imetuzuia tusione vizuri, tunaandika kwenye ripoti kwamba hatukuona vizuri. Mteja mmoja alidai arudishiwe hela kwa sababu ya sentensi hiyo. Tulimpangia siku nyingine akiwa hajala, bila malipo, na kuhusu sentensi ile tulimwambia kwamba ripoti isiyo nayo ndiyo angepaswa kuidai hela yake.

Hapo ndipo linapoingia suala la supu na chapati. Tunasema mteja asile kwa saa sita hadi nane kabla ya kipimo, naye anafika amekunywa supu akidai haikuwa chakula. Mtu akila, mfuko wa nyongo hujikunja na utumbo hujaa gesi, na picha inayotoka haifai kulinganishwa na ile ya miezi sita iliyopita. Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Fundi mmoja wa magari alitujia akiwa amekonda kwa hofu, kwa maana mahali fulani walimwandikia uvimbe kwenye ini bila kuzitazama picha zake za nyuma. Katika bahasha yake tulikuta picha za miaka mitatu mfululizo, na doa lile jeupe la mviringo lilikuwamo katika zote, mahali palepale, kwa kipimo kilekile cha sentimita moja na nusu. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, chenye dawa ya mishipani kilithibitisha kwamba ni fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, ambalo watu wengi wanalo. Bahasha ile ilimwondolea msalaba mzito.

Kingine kinachowapoteza wateja ni vidonda vya tumbo. Katika nyanda zetu hizi, maumivu yoyote ya juu ya tumbo huitwa hivyo, na tiba yake huanzia duka la dawa kwa omeprazole na viuavijasumu vya siku tatu au nne, ilhali dozi ya kumwondoa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kawaida ni siku 14. Mzee mmoja kutoka Makete alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo mara nyingi kiasi kwamba alizijua dawa kwa rangi, na hakuna aliyewahi kumpima ini. Alipofika kwetu uvimbe ulikuwa umeujaza upande wa kulia wa ini na ngozi ya ini imetanuka, na kutanuka huko ndiko kulikokuwa kukimuuma. Alikuwa na virusi vya B. Watoto wake watano walipimwa baadaye; wawili wanavyo, na wote wawili wana kadi zetu za miezi sita.

Kadi hiyo haipewi kila mtu. Tunampa mwenye kovu la ini, mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya ini, na mwenye virusi vya B ambaye daktari wake ameona umri na hali yake vinaihitaji. Kijana mwenye virusi vichache, vimeng'enya vya kawaida na ukoo usio na historia hiyo tumewahi kumwambia atunze hela yake na aendelee kuonana na daktari wake. Kinundu kisichofika sentimita moja hurudiwa baada ya miezi mitatu, na cha sentimita moja au zaidi, au AFP inayopanda, tunaandikia rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye CT, kwa kuwa utrasaundi haithibitishi saratani na hatujawahi kujifanya inathibitisha.

Wateja wakulima huuliza kuhusu sumukuvu. Ni kweli kwamba sumu hiyo ya ukungu wa mahindi na karanga husababisha saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya B hatari huzidishana badala ya kujumlishana. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya papo hapo. Kupika hakuiondoi, na mahindi yaliyoota ukungu hayapaswi kugeuzwa pombe ya komoni kwa kisingizio cha kutotupa.

Utakapokuja, njoo asubuhi bila kula, ukiwa na maji tu, na dawa zako za kila siku kama shinikizo la damu umeze kama kawaida, isipokuwa wenye kisukari, ambao watupigie kwanza. Leta ripoti na picha zote za nyuma, hata za kwingine, hata zilizofifia. Bei zimebandikwa ukutani pembeni ya dirisha la malipo, na ufuatiliaji unaweza kulipiwa kwa awamu mbili. Anayetoka mbali, kama Kyela, Chunya au Makete, apige simu siku moja kabla ili tumwekee nafasi ya mwanzo, maana kumkalisha mtu na njaa mpaka saa saba mchana si haki.