Mjomba, ile santuri yako nimeiosha kwa spiriti

Shikamoo Mjomba.

Najua simu yako ni ya tochi na mambo haya haifungui, lakini wajukuu zako hapo Mwanga, Kigoma, wana simu kubwa kuliko shida zao. Mmoja akusomee kwa sauti, na asiruke mahali. Nimeandika hadharani kwa sababu ana kwa ana nisingethubutu.

Tulipokuwa tunahamisha vyombo vya Bibi pale Isevya, hapa Tabora, nyuma ya magunia ya mpunga likatokea lile sanduku lako la bati la enzi zako za reli. Ndani mna santuri 14. Tisa zimepasuka kama vigae. Nne ni nzima na lebo zao zinasomeka. Ya tano ndiyo ile uliyokuwa ukitukataza hata kuivukia, na lebo yake mende wameila pande zote mbili. Ilikuwa imeota ukungu. Nikaenda duka la dawa, nikanunua spiriti na pamba, nikaanza kuisugua kama nesi anavyosugua bega kabla ya sindano.

Pamba ikatoka nyeusi. Nikajisemea, kumbe uchafu wote huu! Nikachukua pamba nyingine. Ya tatu nayo ilipotoka nyeusi tititi, kama kile kitambaa chako cha kung'arishia viatu, ndipo nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Ile mistari ya sauti haipo, Mjomba. Upande mzima umebaki laini, unang'aa kama sahani ya chai.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba hizi santuri za zamani za spidi 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, si plastiki. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wadogo wa huko India, na spiriti ndiyo maseremala wanayoyeyushia sheleki hiyohiyo wakitaka kupaka rangi makabati. Fundi yeyote wa samani hapa mjini angeniambia. Maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini vingetosha. Sikuuliza.

Upande wa pili sikuugusa, namshukuru Mungu kwa hilo. Nimeupiga kwa mwiba wa mgunga, kama ulivyokuwa ukifanya sindano za chuma zilipoadimika, na unalia bado, kwa mikwaruzo. Lakini si wenyewe. Ule wimbo wako wa Jumapili ulikuwa upande nilioufuta.

Unaikumbuka ile baraza? Viatu vyako vya kazini vimepangwa, gramafoni imetiwa ufunguo, na wewe unapiga mluzi ukifuata lile gitaa lililokuwa linalia. Mimi nilishikilia kwamba ni mwanamke analia, binamu akisema ni paka. Tulikaa tukimsubiri mwimbaji aingie. Dakika tatu zinakwisha, sindano inafika katikati inakwaruza, mwimbaji hajafika. Tukaamua umeuziwa santuri mbovu. Hapa Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz, wimbo usio na beti tuliuona kama bendi inayojaribu vyombo kabla watu hawajaingia ukumbini.

Sasa nimeutafuta kwa miezi minne. Wimbo wenye maneno ni rahisi, unaandika kipande cha kiitikio na simu inakuletea. Huu nitaandika nini? Nikajaribu kuuimba kwa pua kwenye ile programu inayotambua nyimbo, ikaniletea kwaya. Basi nikabaki na njia moja, kusikiliza kila kitu kinacholia, kimoja kimoja, usiku umeme ukiwepo.

Ndivyo nilivyokutana na kijana wa Hawaii, Joseph Kekuku. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1880 alikuwa akitembea kwenye reli na gitaa lake, akaokota bolti, ikagusa nyuzi, sauti ikateleza. Wengine wanasema ilikuwa kitana, wengine kisu. Mimi mtoto wa mji wa reli nimechagua bolti, na sitaki mtu anibishie. Sisi tulikuwa tukitega misumari relini itandikwe na treni tupate visu vya kuchezea, wakati mwenzetu amepata ala nzima.

Jinsi gitaa lake hilo, wanaloliita stili gita, linavyopigwa ndiko kulikonifumbua masikio. Gitaa analilaza mapajani, nyuzi zimeinuliwa juu, hazikandamizwi na vidole. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Gitaa la dansi lina vyuma shingoni, na kila noti ina chumba chake. Huku hakuna vyumba. Sauti inatoka noti moja kwenda nyingine ikipita kila kilichomo katikati, na mkono ukitikisika kidogo inatetemeka kama koo la mtu. Ni kama fidla ya taarab, inayoweza kumfuata mwimbaji hadi kwenye kikwifukwifu chake. Sasa tulikuwa tunamsubiri mwimbaji gani?

Kekuku aliondoka kwao mwaka 1904 kwenda Marekani bara, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 sauti hiyo ikawa homa. Niliyempenda zaidi ni Sol Hoopii, mzaliwa wa Honolulu. Rekodi zake za miaka ya 1920 zina uchangamfu ambao hauombi huruma. Baadaye zikaja pedali za kuvuta nyuzi kwa mguu, na ingawa ufundi ni mkubwa, wapigaji wengine huko naona wanamimina sukari mpaka chai inakuwa nzito.

Halafu lipo hili, ambalo ningekuwa nalo zamani ningekutetea pale barazani. Gitaa la kwanza la umeme lililopata soko lilikuwa hili la kulaza. Lilianza kuuzwa mwaka 1932, limetengenezwa kwa alumini, umbo lake kama kikaangio, na Kikaangio ndilo jina walilolibandika. Kwa hiyo yale magitaa ya umeme yaliyotukesheza Tabora nzima yana babu, na babu mwenyewe ni gitaa la ile santuri yako mbovu. Hata Nigeria, mwanamuziki King Sunny Adé alimweka Demola Adepoju na gitaa hili katikati ya ngoma za juju, muziki wa dansi wa Wayoruba, na wala halionekani mgeni.

Kwa muda nilidhani nimeupata wako kwa Santo na Johnny, ndugu wawili wa Brooklyn, ambao mwaka 1959 wimbo wao wa ala tupu, bila maneno, ulishika namba moja Marekani. Inasemekana baba yao alilisikia gitaa hilo redioni akiwa jeshini, akamwandikia mkewe barua kwamba angependa wanawe walijifunze. Nikasikiliza mara ishirini. Unafanana kwa huzuni, ila wa kwako ulikuwa na mahali unapanda, unasita, halafu unashuka kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Huu wao haushuki hivyo.

Nimepakia 60 kati ya nilizosikiliza kwenye memori kadi, pamoja na ule upande wako uliosalimika, mikwaruzo na yote. Jirani anayepanda treni ya Kigoma ataileta, imefungwa ndani ya kopo la asali, juu, si ndani ya asali. Vijana waichomeke kwenye sabufa na wapunguze besi.

Na ukishamaliza kunigombeza, naomba kitu kimoja. Jina la wimbo hukuwahi kutuambia na pengine nawe hukulijua. Nipigie simu jioni, nitakuwa nimeshaandaa simu ya pili ya kurekodi. Usiseme neno. Piga mluzi tu, kuanzia pale unapopanda.