Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: tuandikieni mlivyotushona

Mheshimiwa, shikamoo.

Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizipeleka masjala kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri, jibu sijaliona. Hii naiweka hadharani kwa sababu Jumanne mdogo wangu ametoka wodini baada ya kujifungua kwa upasuaji, na kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa pameandikwa: "Upasuaji. Mama na mtoto wazima." Basi.

Ndivyo nilivyoandikiwa mimi mwaka 2021.

Mimba ya pili nilipofika na uchungu usiku, daktari wa zamu aliniuliza nilikatwa vipi ndani. Nikafunua khanga nikamwonyesha kovu. Akasema kovu la ngozi halimwambii kitu: nje unaweza kukatwa kwa kulala, mkato wa kukingama, kizazi kikawa kimekatwa kwa kusimama, mkato wa juu kwenda chini. Aliyekatwa kizazi kwa kulala, sehemu yake ya chini, huweza kujaribu njia ya kawaida, wanaochanika kizazi hawafiki mmoja katika mia. Aliyekatwa kwa kusimama haachwi aingie kwenye uchungu hata kidogo. Wakapiga simu hospitali ya kwanza, ikaita mpaka ikakatika. Wakiwa bado wanajadiliana, uchungu ukakata ghafla. Nikadhani nimepata nafuu. Kumbe kizazi kimechanika. Mwanangu nilimwona amefungwa kwenye khanga niliyomnunulia mwenyewe. Kizazi nacho kikatolewa. Nina miaka 27.

Nimeuliza sana tangu hapo. Wengine wananiambia nilishonwa tabaka moja badala ya mawili. Huenda. Lakini utafiti mkubwa wa nchi saba, Kenya ikiwemo, uliwafuatilia kina mama kwa miaka mitatu na haukuona tofauti ya maana kati ya tabaka moja na mawili. Labda uzi ulikazwa mno, nyama ikakosa damu. Labda ni mimi, niliyebeba mimba miezi kumi tu baada ya kisu, na hakuna aliyenieleza kungoja angalau mwaka na nusu. Nayawaza haya kila usiku na sifiki mwisho, kwa sababu hakuna palipoandikwa.

Mwaka jana ulisimama kwenye mkutano wa kata yetu ukasema kila mama aliyepasuliwa atatoka na maelezo yake mkononi. Nilikuwa safu ya pili. Nilipiga makofi, Mheshimiwa.

Ninachoomba ni mistari minne nyuma ya kadi ya kliniki: kizazi kimekatwa wapi, kimeshonwa tabaka ngapi na kwa uzi gani, kama kuna mahali palichanika zaidi, na mimba ijayo mama ajifungulie wapi. Daktari anayajua yote haya akiwa bado hajavua glavu.

Mdogo wangu ana miaka 21 na bado anataka watoto. Aliyemshona yuko zamu wiki hii. Mwambie amwandikie.